Mitetea Humfuata Baba

Wiki iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya chini alirudi kutoka soko la Darajani na boksi la vifaranga. Nyumba yetu hii ya Mji Mkongwe haina uwanja wala bustani. Ina ukumbi wenye giza na ngazi ya mbao iliyochoka, lakini mtoto wake alikuwa analia siku nyingi anataka kufuga, na mama mtu akaona bora amnyamazishe. Nilikuwa nashuka kwenda kazini, wakaniita nitazame. Vifaranga kumi na kitu, wote njano, wote sawasawa. Mtoto akaniuliza, "Yupi jogoo?" Kabla sijajibu nikajikuta nshamtwaa mmoja, nshamwinamisha kichwa kwenye mwangaza wa mlango, natafuta doa jeupe utosini. Hakuwa nalo. Hapana hata mmoja aliyekuwa nalo. Nikamrudisha boksini, nikasema sijui, nikatoka. Njia nzima mpaka Vuga kiganja changu kilikuwa na joto lile dogo, wajua lile joto, la kitu kinachopumua haraka kuliko wewe.

Basi leo nikae nikuhadithie kuku wa Bibi. Sijapata kumhadithia mtu.

Nilipelekwa Makunduchi nikiwa na miaka sita au saba, kwa sababu Mama alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Aliniambia ni miaka miwili tu, nami nikaamini, kwani mtoto hajui miaka miwili ina urefu gani. Nguo zangu zilitiwa katika mfuko wa plastiki wenye mistari. Bibi, mama wa mama yangu, alitupokea mlangoni, akauchukua ule mfuko, akaupima kwa mkono akasema, "Mwepesi hivi?" Mama alikunywa maji, akanibusu kichwani juu ya mtandio, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya mawe na udongo, na uani kulizungushiwa ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila saruji. Mchana yale mawe yalitoa joto, na usiku yalitoa nge. Kulikuwa na mpapai mmoja, pipa la maji ya mvua, na dema kuukuu, lile la kuvulia samaki, ambalo Bibi alilipindua akalifanya nyumba ya vifaranga ili kunguru wasiwapate. Kunguru wa Unguja unawajua. Hawana haya wala hofu, watakunyang'anya kifaranga miguuni pako huku wanakutazama usoni.

Bibi alikuwa akilima mwani. Maji ya bahari yakitoka huteremka ufukweni na wenzake, na kurudi amelowa mpaka kiunoni, kamba begani, vidole vyeupe vilivyokunjana kwa chumvi. Zamani kidogo, mie nikiwa bado nanyonya mjini, alipata kiharusi. Mguu ulimrudia, lakini uso haukurudi. Upande wa kushoto ulishuka, jicho likawa halifungi vizuri, mdomo ukavutwa, na maneno yakawa yanatoka upande mmoja. Mie nilimkuta hivyo, kwa hiyo kwangu huo ndio ulikuwa uso wake, sikuona ajabu. Ila wageni wakija, nilimwona akiuvuta ukingo wa kanga ukamfunika shavu. Na siku ya harusi ya jirani, alipokuja mpiga picha, Bibi aliinuka akaenda jikoni kutazama wali ambao haukuwa wake.

Baba yangu sikumjua. Nilichokijua ni kwamba alikuwa mtu wa Tanga, alikuja kujenga hoteli pwani yetu, akamposa Mama, wakaoana, na hoteli ilipomalizika naye akamaliza. Talaka ilikuja nyuma yake, kwa mdomo wa mtu. Kwa Bibi hakutajwa kwa jina, aliitwa "yule bwana", na hata hilo kwa nadra. Lakini watoto wa pale hawakuhitaji jina. Mama yangu alikuwa mweupe, mwembamba, na vishimo viwili mashavuni, na kijiji kizima kilimjua kwa uzuri. Mie nilikuwa mweusi, mrefu, paji pana, na nyusi nene zilizotaka kukutana. "Mtoto wa Bara," waliniita. Kisimani mwanamke mmoja, aliyeolewa pale juzijuzi, alimwambia mwenzake, hakushusha hata sauti, "Huyu hana cha kwao. Kafuata huko."

Nikawa na mazoea ya kucheza peke yangu, na peke yangu pale maana yake ilikuwa na kuku.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuwafungulia. Nikiondoa jiwe mlangoni mwa banda walitoka wakisukumana, kwanza wakubwa, na harufu ile ya joto na mavi makavu nyuma yao. Halafu Bibi akikuna nazi, mie hungoja kando na kibakuli. Akishakamua tui, chicha ni za kuku. Nilizimwaga uani kidogo kidogo, na kuku walizila kwa pupa mpaka midomo ikawa myeupe. Nilikuwa nikizila na mie, kwa siri, zikiwa bado na utamu wa nazi.

Kuku aliyependwa na Bibi alikuwa wa milia, mistari myeusi na myeupe mwili mzima, imepangika kama ukili uliosukwa na fundi. Miguu yake ilikuwa ya manjano, manjano ya embe iliyoiva. Kuku wa namna ile hapakuwa na mwengine mtaani. Bibi alipewa na dada yake kabla hajafa. Jogoo hatukuwa naye wetu, tulitumia wa jirani. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa makamo ya Bibi, rafiki yake tangu usichana, na jogoo wake alikuwa mweusi tititi, na miguu myeusi vilevile. Aliruka ukuta akitaka, akarudi akitaka.

Wa milia akalalia mayai. Bibi alimwekea katika kikapu kilichotandikwa majani makavu, pembeni ya jiko, na wiki tatu tukapika kwa kunong'ona. Siku waliyototoa niliamshwa na sauti nyembamba sana, nikadhani ni ndoto. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mapaja yamefunikwa kanga, anawatoa mmoja mmoja. Wote walikuwa weusi. Nikasikitika, nilitaka wa milia.

"Usikunje uso," akasema. "Njoo utazame."

Alimwinamisha mmoja. Utosini palikuwa na doa jeupe, kama mtu kachovya kidole katika unga akamgusa. Akamtia upande wa kulia wa mapaja yake. Akamwinamisha mwengine, huyu hana doa. Akamtia kushoto. Akaendelea hivyo mpaka wakaisha. Kisha akanionesha miguu. Wa kulia, wenye doa, miguu yao ilikuwa myeupe. Wa kushoto, wasio na doa, miguu yao ilikuwa na wingu, imeanza kiza.

"Hawa majogoo," akasema, mkono juu ya wale wa kulia. "Watatoka na milia ya mama yao. Hawa mitetea. Watakuwa weusi, na miguu myeusi, kama bwana mkubwa wa pale ukutani."

"Umejuaje, Bibi?"

"Nimewafuga miaka. Mama akiwa na milia, baba mweusi, watoto wa kiume humfuata mama. Mitetea humfuata baba."

Sikuamini. Lakini wiki zilivyokwenda, manyoya yalivyoota, ikawa kama alivyosema, hata mmoja hakukosea. Wenye doa wakapata milia, upanga ukaanza kuwachomoza kichwani, wakaanza kupigana. Wasio na doa wakawa weusi wa kung'aa, weusi ambao jua likiupiga unatoa kijani. Mmoja wao alinifuata popote. Nikikaa alinirukia gotini. Nilimchukua kuwa wangu.

Jioni moja, nikiwa naye gotini, nikauliza swali lililokuwa linanikaa kooni siku nyingi. "Bibi, na mie nimemfuata Baba?"

Alikuwa anachambua mchele. Mkono ulisimama juu ya ungo. Jirani yetu alikuwepo, kaja kuomba moto, akanitazama kisha akamtazama Bibi. Akasema, "Huyu? Mbona huyu kila nikimwangalia namwona..."

"Chukua makaa yako kabla hayajazima," Bibi akamkatiza.

Jirani akachota makaa, akaondoka. Bibi akarudi kwenye mchele. Baada ya muda akaniambia, bila kuinua kichwa, "Wewe si kuku." Basi. Na mie nilichosikia ni kwamba ndiyo, nimemfuata Baba, ila Bibi ananionea huruma.

Mama alirudi. Haikuwa miaka miwili, ilikuwa zaidi, nami nilikuwa nshajifunza kutouliza. Alileta mabegi, marashi, na kanzu iliyonibana mabega kwa sababu aliipima kwa mtoto aliyemwacha. Nilikuwa nadhani atakaa. Lakini alikwenda mjini kwa jamaa kutafuta kazi, na kabla mwaka haujaisha akaolewa na mtu mwenye duka huko. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, akasema, ningoje wapate kubwa. Nikangoja.

Kisha akaja kujifungua kwa mama yake, kama desturi. Zile arobaini ndizo siku za kwanza nilizoishi na mama yangu nikiwa na akili ya kukumbuka. Nilichota maji ya kumkandia. Niliosha nepi, nikachochea ubani, nikalala miguuni pa kitanda chake kwenye mkeka ili nisikie akigeuka. Mzazi hunywa supu ya kuku, na Bibi akawa anachinja. Walikwenda wale majogoo wa milia, mmoja baada ya mmoja. Harufu ya pilipili manga na tangawizi ilijaa nyumba nzima. Akabaki jogoo mmoja tu wa milia, kwa kuwa alikonda na Bibi alisema hana hata mchuzi.

Mtoto alikuwa mwanamume. Wanawake walikuja kumtazama na kila mmoja alisema jambo lile lile, "Mama mtupu." Na kweli, alikuwa na weupe wa Mama, na akicheka usingizini vishimo viwili vikatokea mashavuni. Mie nilisimama nyuma ya mlango na sinia la chai. Nilimpenda yule mtoto, nisikufiche, alikuwa akikishika kidole changu hakiachii. Lakini nilikuwa nikitazama vile vishimo na kukumbuka mapaja ya Bibi, kulia na kushoto.

Arobaini ilipofika, gari ikaja kutoka mjini. Nilikuwa nshafunga nguo zangu katika ule mfuko wa mistari, nikauweka nyuma ya mlango, sikumwambia mtu. Mama alivaa, akamchukua mtoto. Bibi akamkamata kuku wake wa milia, yule mkubwa mwenyewe, akamfunga miguu ya manjano kwa ukambaa na kumtia nyuma ya gari.

"Wa supu ya huko," akasema. "Bado hujapata nguvu."

"Huyu si wako wa mayai, Mama?"

"Chukua."

Mama akanigeukia. Akanishika kidevu. "Nyumba ikipatikana kubwa ntakuja kukuchukua. Umtazame Bibi yako."

"Naam," nikasema.

Gari ikaondoka. Nikarudi uani. Jogoo aliyekonda alikuwa anakwaruza chini ya mpapai. Waliobaki wote walikuwa mitetea weusi. Nikakaa juu ya dema, na kuku wangu akaja akaruka gotini kama kawaida yake, na mie nikamsukuma. Akarudi. Nikamsukuma tena. Bibi aliniona kutoka jikoni. Hakuja kuniuliza. Ila alipokwenda kufagia, aliuona ule mfuko nyuma ya mlango, akaufungua, akazitundika nguo zangu moja moja kwenye kamba kana kwamba nimezifua. Usiku ule alinipa kichwa cha samaki, ambacho siku zote alikula yeye.

Miezi ilipita, na yule mtetea wangu akaanza kutaga, kisha akalalia. Jirani alikuwa ameshamchinja jogoo wake mweusi Sikukuu Kubwa, kwa hiyo jogoo wa mtaa alikuwa yule wetu wa milia, ambaye sasa alishanenepa na kujiona. Vifaranga walipototolewa Bibi aliwatandaza mapajani kama mwanzo. Safari hii alitazama vichwa, akatazama miguu, akacheka.

"Doa halinisaidii tena," akasema. "Baba mtu ndiye mwenye milia sasa. Wamechanganyika."

Kati yao mmoja miguu yake ilikuwa ya manjano. Ilikuwa hafifu, lakini manjano. Mama yake miguu myeusi, baba yake miguu myeupe. Jirani alipokuja kuangalia akainua nyusi. "Hapa kaingia jogoo mwengine, bibi wee."

"Jogoo gani? Hapa mtaani umemwona nani mwenye miguu ya manjano?"

"Basi kaitoa wapi?"

"Kwa bibi yake," Bibi akasema. "Ilikuwamo ndani, imejificha. Hawa wazazi wake wanayo na hawaioneshi."

Yule kifaranga akakua akawa mtetea, na milia ikamtoka mwili mzima, myeusi na myeupe, na miguu ikakoza. Ukimweka mbele ya macho yako ungeapa ni yule yule aliyefungwa ukambaa akatiwa katika gari. Nilimuuliza Bibi mbona sheria yake imevunjika, huyu ni jike na miguu yake si ya baba yake wala ya mama yake. Alikuwa amechuchumaa, anamtazama yule kuku akila chicha. Upande wake mzima wa uso ulikuwa unanielekea mie, nao ulitaka kusema jambo, nililiona likija mpaka mdomoni. Kisha akajifunika kanga.

"Wengine huwafuata bibi zao," akasema, akaondoka kwenda kuteka maji ambayo yalikuwepo.

Mama alikuja kunichukua nilipofaulu kuingia sekondari. Nyumba kubwa haikupatikana, ila mtoto alitaka mtu wa kumpeleka madrasa, na shule za mjini zilisemwa ni nzuri. Nilikuwa nimeiomba siku ile miaka mingi, na ilipofika nilishikilia nguzo ya jiko. Bibi alinibandua vidole. Mjini nililala ukumbini kwenye godoro linalokunjwa asubuhi. Kelele zilikuwa nyingi, pikipiki, redio, wauza kahawa, na sikupata kujihisi peke yangu kama nilivyojihisi mle. Hakuna sauti hata moja iliyokuwa inaniita mie.

Kidato cha tatu mwalimu wa baiolojia alitufundisha habari za kurithi. Alichora njegere ubaoni, akaeleza kwamba sifa moja yaweza kujificha nyuma ya nyengine kwa wazazi ikajitokeza kwa wajukuu. Akaeleza pia kwamba kwa ndege ni baba ndiye humpa mtoto wa kike zile sifa zinazofuatana na jinsia, mama hana cha kumpa hapo. Nikainua mkono nikamsimulia doa la utosini, na milia, na miguu ya manjano. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Aliandika ubaoni yote niliyoyasema, akaonesha lipi linatoka wapi. "Bibi yako angefurahi kuona hivi," akaniambia. Jioni ile nilimpigia Bibi simu. Mtandao ulikuwa mbaya. Nilimwambia mwalimu kasema vilevile alivyosema yeye, naye akaniuliza kama nimekula.

Kideri, maradhi ya kuku, kiliingia Makunduchi mwaka uliofuata, kikapita uani kwa Bibi kwa muda mfupi sana. Aliniambia kwa simu kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Hapana hata mmoja. Nnaamka alfajiri nasikia kimya." Nikasema ntakuja likizo nimletee wengine. Akasema usijisumbue, wale wa milia hawapatikani tena. Hakuifikia likizo. Kiharusi kilimrudia, na safari hii hakikumwacha. Niliingia katika chumba alimolazwa baada ya kuoshwa, wakanifunulia uso nimtazame. Misuli ilikuwa imelegea yote, pande zote mbili, na uso ulikuwa umenyooka. Nilidhani wamenionesha mtu mwengine. Nilitazama kwa muda mfupi tu, machozi yalinizuia, na mtu akanishika bega akanitoa.

Sasa nifike nnapotaka kufika.

Baba alikuja Unguja mwaka jana, kwa msiba wa rafiki yake aliyefanya naye kazi zamani. Alitafuta namba yangu kwa watu mpaka akaipata. Tulikutana katika mkahawa wa chai karibu na bandari. Nilivaa kwa uangalifu, rafiki yangu, kama mtu anayekwenda kujiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Maisha yangu yote nilikuwa nimeubeba uso wake bila ya kuujua.

Akainuka mtu mfupi, mweupe wa maji ya kunde, macho madogo, nyusi hana. Nikamwamkia, "Shikamoo." Alisimama na mkono mdomoni.

"Marahaba," akasema baadaye. "Nisamehe. Nimedhani ni mama mkwe."

"Nani?"

"Bibi yako. Alikuwa hivi hivi nilipokuja kuposa. Urefu huu, weusi huu, paji hili, nyusi hizi zimekutana. Nilimwogopa sana." Akacheka kidogo, akafuta macho. "Kwangu mie hukuchukua kitu hata kimoja."

Nikamwambia kwamba Bibi ninayemjua alikuwa ameinama, na nyusi zimepukutika, na uso wake... Akanikatiza kwa upole. "Huyo alikuwa baada ya maradhi. Mie nnakwambia wa kabla."

Tulikunywa chai. Alikuwa mtu mwema, au alikuwa mwema siku ile. Alipanda boti ya mchana. Mie nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nilimkuta anakunja nguo za mdogo wangu. Sikukaa hata kitako.

"Mama, mie nafanana na Bibi?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama bahari ina chumvi. "Tangu unazaliwa."

"Mbona hukuniambia? Watoto wa kule waliniita mtoto wa Bara. Mbona hapana mtu aliyeniambia?"

Akaliweka shati chini. Akalainisha ukosi wake kwa kiganja, mara mbili tatu, ingawa ulikuwa umenyooka.

"Yeye ndiye aliyekataza," akasema. "Mie, jirani yake, wote alitukataza. Siku nilipokupeleka alinivuta jikoni. Akaniambia, mtoto ataishi na mie, kila siku atautazama uso huu. Usije ukamwambia kuwa ndio wake."

Nilimsaidia kukunja nguo zilizobaki.

Nyumba ya Makunduchi imevunjwa, wajomba wamejenga vyumba vya kupangisha wageni, na pale uani pana kokoto nyeupe zinazofagiliwa kila asubuhi na kijana anayelipwa kwa mwezi. Jirani yetu amefariki. Picha ya Bibi haipo hata moja, ya kabla wala ya baada. Huku mjini kuku tunanunua waliokwisha chinjwa, wamefungwa kwenye nailoni, hawana manyoya wala miguu, na hapana mtu anayeweza kukwambia walifanana na nani. Najikuta usiku nafikiria ile miaka yote. Tulikula sahani moja, tulilala chumba kimoja, alinisuka nywele Alhamisi nikiwa nimekaa kati ya magoti yake, na uso wake ulikuwa juu ya kichwa changu, akautazama wangu kwenye kioo kidogo cha kushikwa mkononi, akanyamaza. Nilidhani mpweke katika ile nyumba alikuwa mie tu.